Mabakuli ya Kichina kwenye mihrabu: ni kazi ya nani, na kamati ya msikiti iyafanyie nini?

SWALI

Assalamu alaykum, Maalim. Shikamoo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya msikiti kijijini kwetu, kaskazini ya Malindi. Msikiti wetu ni wa kale, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Kwenye mihrabu kuna mashimo sita ya duara, na moja bado lina bakuli la kijani. Nyuma, makaburini, kuna nguzo iliyokatika yenye mashimo kama hayo. Tumepata mfadhili wa kukarabati. Wajumbe wengine wanataka bakuli libanduliwe, kuta zipigwe plasta ya simiti na kuwekwa taili mpaka juu. Vijana wanasema msikiti huu ulijengwa na Wachina waliokuja kuchukua twiga. Mgeni mmoja naye akatuambia nguzo zetu zimeigwa kutoka ile ya Vasco da Gama pale Malindi. Ukweli ni upi? Na bakuli tulifanyeje?

JIBU

Wa alaykumu salaam warahmatullah. Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka: waombeni mafundi waiache mihrabu kama ilivyo mpaka kamati nzima imalize kusoma maneno haya. Taili hazina haraka. Bakuli lililokaa kwenye chokaa miaka mamia likitiwa patasi hutoka vipande vipande, na chokaa iliyolizunguka, ambayo nayo ni ushahidi, huwa imeshageuka vumbi.

Msikiti wenu haukujengwa na Wachina. Ulijengwa na waashi wa pwani hii, kwa mawe na chokaa ya pwani hii, kwa ustadi uliokuwapo hapa karne nyingi kabla ya merikebu za mfalme wa China kufika. Bakuli lenyewe huenda kweli lilifinyangwa China. Nitakueleza jinsi ya kulitazama. Lakini aliyeamua kulipachika kwenye mihrabu ni mwenye msikiti, na mwenye msikiti alikuwa babu yenu.

Malindi mmeishi na Waitaliano miaka mingi. Ukikutana na mmoja anayetoka Toscana, muulize habari za makanisa ya Pisa. Makanisa ya kale ya mji ule yamepachikwa mabakuli ya rangi kwenye kuta za nje, juu karibu na paa, yamejipanga safu. Kanisa la San Piero a Grado, nje kidogo ya mji, lilipambwa kwa mabakuli ya mwisho wa karne ya 10 na mwanzo wa karne ya 11. Nani aliyafinyanga? Mafundi Waislamu wa Tunisia, wa Sisilia ilipokuwa chini ya Waislamu, wa Andalusia na wa Misri. Mengine yamechorwa merikebu zenye matanga. Watu wa Pisa walikuwa wakipigana na Waislamu baharini na huku wakifanya nao biashara, na vyombo vya Waislamu wakavitia kwenye kuta za makanisa yao, mahali ambapo kila anayekwenda kusali angeviona. Nenda leo Pisa nzima, hutamsikia mtu akisema kwamba makanisa yale yalijengwa na Watunisia. Watakwambia ni kazi ya wazee wao, waliosafiri, wakanunua, wakapamba. Basi mbona sisi tukiona bakuli moja la kijani ukutani twakimbilia kuligawa jengo zima kwa mgeni? Jambo hili linaniuma, na ndiyo sababu nakuandikia kwa urefu.

Na Pisa haiko peke yake. Kisiwani Java, mji wa Kudus, msikiti wa kale una mnara wa matofali mekundu uliopachikwa sahani za kauri. Cirebon, kisiwa hicho hicho, sahani za Kichina zimejaa kwenye kuta za ziara ya walii Sunan Gunung Jati. Bangkok liko hekalu la Wabudha, Wat Arun, ambalo minara yake imevishwa vipande vya kauri ya China toka chini hadi kileleni. Nubia nako, kabla ziwa la bwawa la Aswan halijafunika vijiji miaka ya 1960, nyumba za udongo zilikuwa na sahani zilizopachikwa juu ya mlango. Hawa wote hawakuigana. Ni watu walioishi kando ya njia za biashara, chombo kizuri kikawafikia kutoka mbali, wakaona mahali pake ni pale penye heshima kuliko pote.

Sasa turudi kwetu. Makaburi ya nguzo yametapakaa kuanzia kusini ya Somalia mpaka Tanzania: Ishakani karibu na mpaka, Takwa kisiwani Manda, Mambrui, Malindi penyewe kando ya Msikiti wa Juma, Gedi, Mnarani ya Kilifi, halafu Tongoni, Kunduchi na Kaole. Ukivuka pwani hii huyakuti tena. Uarabuni hayako, Uajemi hayako, China hayako. Hilo peke yake linatosha kujibu swali la nani mwenye mali. Umbo ambalo halipo mahali pengine popote duniani halikuletwa na mtu kutoka mahali pengine.

Na misikiti? Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alifukua mji wa Shanga, kisiwani Pate. Chini ya Msikiti wa Ijumaa akakuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine. Ya mwanzo, ya mwisho wa karne ya 8, ilikuwa midogo, ya miti na udongo. Baadaye waashi wakaanza kukata matumbawe laini baharini, yale yanayochongeka yakiwa bado na maji, na baadaye tena wakaingia kwenye jiwe gumu la nchi kavu na chokaa. Ukisimama kwenye shimo lile unaona watu wakijifunza kujenga kizazi baada ya kizazi, mahali pale pale. Hakuna tabaka ambapo unaweza kusema: hapa ndipo walipoteremka wageni na mtindo wao mpya. Vyombo vilivyofukuliwa pale, kama Gedi na kwingineko, vingi mno ni vyungu vya udongo vya papa hapa, vilivyopikiwa wali na samaki. Kauri ya kigeni ni sehemu ndogo sana. Inatukamata macho kwa sababu inang'aa.

Habari ya twiga ni ya kweli, ila vijana wenu wameishika kwa mkia. Mwaka 1414 twiga alifika China akitokea Bengali, na mwaka 1415 akafika mwingine kutoka Malindi, akapokewa na mfalme Yongle kama mnyama wa baraka. Watu wanaisimulia kama kwamba Wachina walikuja wakamchukua. Kumbuka kwamba twiga huyo alikwenda na wajumbe. Malindi ilituma watu wake mpaka kwenye jumba la mfalme wa China, na msafara wa Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme huyo, wa mwaka 1417 hadi 1419 ulikuwa miongoni mwa kazi zake kuwarudisha wajumbe wa nchi mbalimbali makwao. Mji uliokuwa na uwezo wa kumpakia twiga chomboni, kumlisha safari nzima na kumfikisha salama kama zawadi ya kifalme, ulikuwa mji unaojua unachokifanya. Vijana wakitaka kujivunia kitu, wajivunie hicho.

Kuna sarafu pia. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Peking na wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walipata Mambrui sarafu ya zama za Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Mwaka 2013 timu ya Chapurukha Kusimba na Sloan Williams ikapata nyingine kama hiyo kisiwani Manda, kiduara chenye tundu la mraba katikati. Ni vitu adhimu. Lakini sarafu hutembea mikono mingi, na sarafu moja haijengi msikiti. Tena vyombo vya China vilikuwa vikifika Manda na Shanga tangu karne ya 9, miaka mia tano hivi kabla ya Zheng He kuzaliwa. Havikuletwa na merikebu za Kichina. Vilishuka kutoka viwandani mpaka bandari kama Guangzhou na Quanzhou, vikapita Malaka, vikafika Gujarat, Hormuz au Aden, na huko vikapakiwa kwenye vyombo vilivyoteremka na upepo wa kaskazi. Kusi ilipoingia, vyombo vile vile vilirudi na pembe za ndovu, ambari, magamba ya kasa na boriti za mikoko.

Umeuliza bakuli lenu ni la lini. Litazame pale pale lilipo, kwa tochi iliyoshikwa ubavuni ili mwanga upite juu yake kwa mshazari. Kama kijani chake ni kizito, laini, kimetulia kama maji ya mlango wa bahari, na chini ya kijani hicho unaona mistari au maua yaliyochongwa kabla ya kuchomwa, basi pengine ni kazi ya Longquan, mkoa wa Zhejiang, na kwenye pwani yetu vyombo hivyo ni vingi zaidi katika karne ya 14 na ya 15. Mara chache huwa ni kijani cha Siam (Thailand ya leo), chenye udongo wa kijivu na mipasuko midogo midogo. Kwenye nguzo mkiokota kipande cheupe chenye michoro ya buluu iliyo chini ya mng'ao, hicho huenda ni cha Jingdezhen, mji wa China, na hapo mmeingia karne ya 15, 16 au 17. Kipande cha manjano kilichochorwa mistari myeusi, udongo wake laini na wa rangi ya waridi, si kauri kabisa. Ni cha upande wa Yemen, karne ya 13 au 14, nacho msikidharau, maana huenda ndicho kikongwe kuliko vyote. Na mkikuta maua makubwa ya rangi nyingi yaliyogongwa kwa sponji, yanayojirudia kuzunguka ukingo, hiyo ni karne ya 19, kazi ya viwanda vya Ulaya. Maastricht, nchini Uholanzi, Petrus Regout alianza kiwanda chake mwaka 1836, na mabakuli ya mji huo yaliuzwa pwani hii kwa wingi. Bibi zetu waliyapenda na kuyatunza.

Kanuni ya kushika ni hii: jengo haliwezi kuwa la kale kuliko bakuli lililojengewa ndani yake, ila linaweza kuwa jipya kuliko bakuli. Bakuli hurithiwa. Mtu anaweza kupachika leo chombo cha babu wa babu yake. James Kirkman, aliyeanza kufukua Gedi mwaka 1948, alipanga sehemu kubwa ya tarehe za miji hii kwa kufuata kauri za kigeni, na waliokuja baada yake wamekuwa wakizisahihisha pole pole kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo tazama pia chokaa. Ikiwa plasta imepanda ikakumbatia ukingo wa bakuli bila mshono, lilitiwa wakati ukuta ungali mbichi, na mihrabu haiwezi kuwa ya kale kuliko bakuli. Ikiwa kuna duara lililokatwa kwa chuma na kuzibwa kwa chokaa ya rangi nyingine, lilitiwa baadaye.

Mashimo matupu nayo yanasema. Ndani ya shimo, chini kabisa, mara nyingi kuna alama ya mviringo ambapo kitako cha bakuli kilikalia chokaa ikiwa laini. Pima upana wa alama hiyo na upana wa shimo, pima yote matano, andika. Yakilingana, huenda yalinunuliwa na kupachikwa kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni habari ya msikiti wenu ambayo hakuna kitabu kitakachowapa, na plasta ya simiti itaifuta kwa asubuhi moja.

Kwa nini waliyapachika? Hapa wataalamu hawajakubaliana, nami nitasema ninavyoona. Uzuri ni sababu, na utajiri ni sababu. Lakini uzuri na utajiri peke yake haviwezi kueleza kwa nini bakuli likae kwenye mihrabu na kwenye kaburi, mahali pawili ambapo mtu mwenye imani hafanyi maringo. Ingia nyumba ya kale ya Lamu, vuka daka (ukumbi wa mlangoni) na kiwanda (ua), pita misana (vyumba virefu), ufike ndani kabisa. Huko ndiko kulikokuwa na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, na katika zidaka ndimo zilimokaa sahani na mabakuli. Chumba hicho ndicho cha kuzalia, na ndicho maiti alimooshewa. Mtafiti Linda Donley, aliyefanya kazi Lamu mwanzoni mwa miaka ya 1980, alielezwa na akina mama kwamba vyombo vile vilikinga jicho la hasidi, na kwamba sahani ikipasuka yenyewe ni kuwa imelipokea jicho lililokuwa limpate mtu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha jinsi fahari ya Pate ilivyoanguka, hakuishia kutaja kuta zilizobomoka. Katika utenzi wake, Al-Inkishafi, alitaja vidaka vya sahani ambamo sasa wamelala makinda ya ndege. Alijua kwamba msikilizaji wake akisikia zidaka tupu ataelewa kila kitu.

Kwa hiyo naona hivi: bakuli lilikuwa alama ya mahali ambapo dunia mbili zinakutana na panapohitaji ulinzi na heshima. Chumba cha kuzaliwa na kufa, kaburi la mzee wa ukoo, mihrabu inayoelekeza Makka. Na ni bakuli, chombo cha kumpakulia mgeni. Mzee aliyekuwa karimu duniani, kaburini kwake kukawekwa chombo cha ukarimu wake. Hii ni rai yangu, na ukimpata mzee wa hapo kijijini anayekumbuka maelezo mengine, yarekodi, yana uzito kuliko yangu. Kama wako wanaouliza juu ya hukumu ya kupamba mihrabu au kujengea makaburi, hilo waulizeni mashekhe; mimi nazungumza juu ya jengo.

Ya Vasco da Gama yataisha upesi. Wareno walifika Malindi Aprili 1498, wakakuta bandarini meli nne za Wahindi, wakapewa rubani, na tarehe 20 Mei walikuwa Calicut, India. Waliporudi mwanzoni mwa 1499 Da Gama aliomba ruhusa ya kuweka nguzo yenye msalaba. Msalaba unaouona leo kwenye rasi ni wa chokaa-jiwe la Lisbon. Mwili mweupe wa umbo la pia unaoubeba uliongezwa baadaye ili kuukinga. Sasa tembea kutoka hapo hadi Msikiti wa Juma, si mbali, utazame ile nguzo ndefu ya kaburi. Ni ya karne ya 15. Da Gama alipoteremka ilikuwa imesimama. Gedi kuna kaburi lililoandikwa tarehe yake, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, karibu miaka mia kabla ya Da Gama kuiona pwani hii, na karibu yake iko nguzo ya mifereji. Mgeni wenu ameigeuza historia juu chini. Wareno waliiacha Malindi nguzo moja na kanisa dogo, lile ambalo padri Francis Xavier alipita mwaka 1542. Nguzo zetu zilikuwa hapo kwanza.

Nguzo hizo si minara ya adhana pia, kama wengine wanavyodhani. Misikiti yetu mingi ya kale haikuwa na minara. Muadhini alipanda ngazi mpaka juu ya paa. Mnara wa Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa mwaka 1829, unajulikana sana kwa sababu ni mgeni katika desturi hiyo. Ila ukitaka kuona nguzo na msikiti vikishikana, nenda Takwa. Maji yakijaa, mashua inapita katikati ya mikoko mpaka karibu kabisa. Msikiti wa pale una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, juu kabisa ya mihrabu, na wengi wanaamini kuna shekhe aliyezikwa hapo chini. Nje iko nguzo ya kaburi yenye tarehe 1094 ya Hijria, sawa na 1682 au 1683. Mji ulihamwa kitambo, lakini watu wa Shela, ambao wazee wao walitoka Takwa, bado huvuka kwenda kuomba dua ya mvua kwenye kaburi lile. Nakuambia haya kwa sababu ya ile nguzo yenu iliyokatika. Kabla hamjaamua kuwa ni jiwe la kusombwa, waulizeni wazee nani alikuwa akienda kusoma hapo, na siku gani.

Sasa simiti. Ningeomba wajumbe wanaoitaka wasikilize hapa hata kama habari za mabakuli haziwagusi, maana hili linahusu ukuta kusimama au kuanguka. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Linavuta maji ya ardhini, na pwani maji hayo yana chumvi. Ukuta uliopakwa chokaa unapumua: unyevu unapanda, unafika usoni, jua na upepo vinaukausha, na chumvi inabaki kwenye plasta ya juu, ambayo kila baada ya miaka mnaikwangua na kuipaka upya. Chokaa ndiyo inayochakaa ili jiwe lisichakae. Mkipiga simiti mnaziba mlango huo. Unyevu haupotei, unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya simiti, inavimba, na jiwe linasagika kwa ndani. Kwa nje mtaona ukuta mzuri kwa miaka michache, halafu simiti itabanduka pande kubwa kubwa pamoja na uso wa ukuta. Taili ni mbaya zaidi, kwa kuwa zinaziba kabisa. Nimeona Lamu kuta zilizosimama karne nyingi zikiharibika baada ya ukarabati wa namna hiyo, na kila mara walioufanya walikuwa na nia njema na fedha za sadaka.

Tumieni chokaa. Tafuteni fundi anayeijua, Lamu na Malindi bado wapo, chokaa iliyolowekwa vya kutosha na mchanga usio na chumvi. Fedha za taili huenda zikatosha kumlipa na zikabaki za kurekebisha paa, na ningeanza na paa, maana maji yanayotoka juu yanaua kuliko yanayotoka chini. Taili wekeni kwenye vyoo na mahali pa kutawadhia, huko zinafaa.

Lipo na suala la sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inatambua majengo na vitu vya kabla ya 1895. Msikiti wenu, kwa maelezo yako, umo humo, na bakuli limo. Kuuza kitu kama hicho au kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa, na mjue kuwa habari ikitoka kwamba mna bakuli la kale, wanunuzi watakuja na noti mkononi. Nendeni ofisi ya Makumbusho ya Malindi, au Gedi, ambayo tangu 2024 imo katika Urithi wa Dunia kama mji wa Lamu ulivyo tangu 2001. Waombeni waje kutazama kabla ya mfadhili kuanza kumwaga fedha. Msikiti unabaki wenu na swala zinaendelea. Mnachopata ni mtu wa kuandika kilichopo na kuwaelekeza.

Wakati mnawasubiri, pigeni picha. Mihrabu nzima kwa mbali, kisha kila shimo kwa karibu, rula ikiwa kando yake ili ukubwa ujulikane. Fanyeni hivyo hivyo kwenye nguzo. Vipande vilivyoanguka chini msivioshe kwa dawa wala kuvigandisha kwa gundi ya dukani. Kila kimoja kifungwe kwenye karatasi, kiandikwe kiliokotwa wapi, na sanduku likae kwa mtu mmoja anayejulikana na kamati. Bakuli lililobaki, kama linatikisika, liwekeeni kitambaa laini na ubao wa kuegemeza kwa mbele. Msilitie simiti pembeni kulikaza.

Najua swali litakalofuata kwenye kikao: je, yale mashimo matano matupu tununue mabakuli mapya tuyajaze? Pisa walifanya kitu karibu na hicho, walishusha mabakuli mengi ya asili, wakayaweka kwenye Makumbusho ya San Matteo, na kwenye kuta wakaweka nakala. Lakini wao kila bakuli walilijua: umbo lake, mchoro wake, mahali pake. Ninyi hamjui yaliyokuwamo. Bakuli la dukani likitiwa humo, baada ya miaka hamsini wajukuu watadhani ndilo la asili. Fundi apitishe chokaa nyembamba kuzunguka ukingo wa kila shimo ili usimomonyoke, ile alama ya kitako ndani aiache bila kuigusa, na mashimo yabaki wazi.